Hospitali ya Mikeka: Annalena Tonelli na Miezi Sita ya Wajir

Siku hizi kupona kuna bei yake. Fungua simu asubuhi yoyote ukiwa Nairobi na utaletewa tangazo la wikendi ya yoga: hema safi, jua linachomoza, mwalimu amekaa kitako amefumba macho, na chini yake maneno kuhusu kurudi kwenye mwili wako. Karibu kila mwalimu wa aina hiyo ana hadithi ya safari yake. Aliumwa au alichoka, akaacha kazi, akapata zoezi moja la kurudia kila siku, akatoka kuishi chini ya anga, akapona, na sasa anafundisha wengine. Siicheki hadithi hiyo. Watu wanachoka kweli, na wengine wanapona kweli. Ila kwa mtu aliyekulia upande huu wa Garissa na Wajir kuna jambo linalochekesha kidogo. Kulala nje, chini ya nyota, na mkeka mmoja na kikombe cha chai, ndiyo hali ambayo serikali mbili mfululizo, ya mkoloni na ya Uhuru, ziliiita tatizo.

Na kuna jambo jingine. Hadithi ya mtu aliyeacha njia aliyosomea, akashika zoezi la kila siku, akaishi nje na kuponya, tunayo ya kwetu. Ilitokea Wajir kuanzia mwaka wa 1970. Aliyeiishi hakufundisha yoga wala hakuuza wikendi. Alikuwa mwanamke Mwitaliano aliyesomea sheria, jina lake Annalena Tonelli, na waliomfundisha kazi yake ni wafugaji wa kuhamahama waliokuwa wakikohoa damu.

Alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Sheria aliisoma mpaka akaimaliza, lakini sehemu kubwa ya ujana wake ilienda kwenye makazi ya maskini wa mji wake mwenyewe, ambako alitumikia miaka sita. Januari 1969 akaja Kenya. Hakuwa sista. Hakuwa wa shirika lolote la watawa, hakuwa na mshahara, hakuwa na malipo ya uzeeni yanayomngoja popote. Alikuwa Mkatoliki mlei aliyetaka kuishi na maskini, basi. Alikuja kwa kazi ya ualimu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Wajir, kwenye shule ya sekondari, akiwa na miaka 27.

Hebu tuiweke Wajir ya wakati ule mahali pake. Mwaka wa 1926 serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja ukaja na vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Vita viliisha, sheria za hali ya hatari hazikuisha. Zilibaki mpaka 1991. Katikati ya hapo, mwaka wa 1965, serikali mpya iliandika katika sera yake ya uchumi kwamba fedha ziende kwanza kule ambako ardhi na mvua zingezirudisha haraka. Wajir haikuwa na ardhi ya aina hiyo wala mvua ya aina hiyo. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mzee wa huku akipanda basi la kwenda Nairobi anasema, "Naenda Kenya." Watu husema hivyo huku wanacheka, lakini si mzaha mtupu.

Kwenye mji huo mwalimu mgeni alikuwa na mambo manne ya kumpinga, na yeye mwenyewe aliyataja baadaye: alikuwa kijana, mzungu, Mkristo, na hakuolewa. La nne ndilo lililokuwa gumu kuelezeka. Ukiwa mgeni watu watakuzoea. Ukiwa Mkristo watakuombea. Lakini mwanamke mzima asiye na mume wala mtoto, na hataki, watu wa hapa wataanzia wapi kumwelewa?

Wadi ya kifua kikuu ndiyo iliyomvuta. Kisomali ugonjwa huu unaitwa qaaxo, na nikiwa mdogo nimewahi kusikia wazee wakilizunguka neno hilo kama mtu anavyozunguka shimo gizani. Husemi fulani ana qaaxo. Unasema ana kikohozi, ana baridi kifuani, alipigwa na ngamia zamani akaumia ndani. Familia yenye qaaxo ilionekana ina laana, na posa zingeweza kuvunjika kwa ajili yake. Kwa hiyo mgonjwa alificha mpaka akaishiwa nguvu za kuficha, na alipoletwa hospitalini mara nyingi aliletwa ili afie pale.

Annalena hakujua tiba. Alichoona ni watu waliotupwa, na miongoni mwa mambo ya kwanza aliyowafanyia, kwa maelezo yake mwenyewe, hata hayakuwa matibabu. Nyumba aliyopewa kama mwalimu ilikuwa na paa la kukinga maji ya mvua. Ukiijua Wajir unajua maana yake. Mji huu umekaa juu ya maji. Visima ni vifupi na ni vingi, na ngamia wamekuwa wakinyweshwa hapo tangu kale. Lakini maji yenyewe yana chumvi. Mtu mwenye homa na midomo iliyopasuka akinywa maji hayo anazidi kuumia. Yeye akawa anajaza madumu maji ya mvua, anayapeleka wadini, anamwaga maji ya chumvi kwenye vyombo vya wagonjwa na kuwajazia matamu. Wagonjwa walimfanyia ishara za kuudhika, kwamba huyu binti wa kizungu asiyejua hata kushika vyombo anatusumbua nini. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa.

Zoezi lake lilianzia hapo, kwenye madumu, na naomba msomaji ayaweke pembeni, tutayahitaji.

Sasa, kwa nini wadi ile iliwashinda watu hata pale dawa zilipokuwepo? Hapa inabidi tutoke Wajir kidogo, kwa sababu habari ya kifua kikuu na kuishi nje ni ya zamani kuliko sisi.

Mnamo miaka ya 1850 daktari Mjerumani, Hermann Brehmer, alifungua kituo milimani huko Görbersdorf, mahali ambapo sasa ni Poland, akidai kwamba hewa safi, chakula kizuri na mapumziko vingeponya kifua kikuu. Wazo hilo likashika. Kwa karibu miaka mia moja matajiri wa Ulaya na Marekani walilazwa kwenye veranda za vituo kama hicho, wamefunikwa mablanketi, wakivuta hewa ya milimani. Robert Koch aligundua bakteria wa ugonjwa huo mwaka wa 1882, lakini ugunduzi wake haukuleta dawa papo hapo, kwa hiyo veranda ziliendelea. Dawa ya kwanza iliyofanya kazi kweli, streptomycin, ilipatikana 1943. Isoniazid ikaja 1952.

Kisha kukawa na utafiti uliobadilisha mambo, nao ulifanywa India. Huko Madras, katika miaka ya 1950, watafiti waligawa wagonjwa makundi mawili: wengine wakalazwa kwenye kituo chenye vitanda na chakula bora, wengine wakabaki majumbani mwao kwenye mitaa iliyobanana, na wote wakapewa dawa zilezile. Matokeo yalitolewa 1959. Waliobaki nyumbani walipona sawa na waliolazwa. Kumbe miaka yote ile ya veranda, hewa peke yake haikuwa tiba. Kinachoponya ni dawa, imezwe kila inapotakiwa, mpaka mwisho.

Mpaka mwisho ndio mtihani. Bakteria wa kifua kikuu hukua polepole, na wengine hujificha mwilini kama wamelala. Dawa huwaua walio macho kwanza. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, mgonjwa anajiangalia na kusema, si nimepona? Anaacha. Waliolala wanaamka, na safari hii huenda dawa isiwaguse tena. Tiba ya wakati ule ilichukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Mwambie hivyo mtu ambaye mali yake yote ina miguu minne. Ngamia hawalazwi wodini. Mvua za gu' zikinyesha malisho yanaota upande mmoja, jilaal ikifika watu wanasogea upande mwingine, na mgonjwa aliyebaki mjini anabaki bila maziwa, bila jamaa, na bila jibu la swali la mifugo yake itakuwa ya nani akirudi.

Kwa hiyo walikuwa wanaondoka. Wahudumu wa afya waliwaita watoro, kana kwamba ni watoto wa shule. Lakini ukiitazama hesabu kutoka upande wa mgonjwa, kuondoka kulikuwa na akili zake.

Mambo mawili yakakutana. La kwanza lilikuwa la kisayansi, na lilitoka kwetu. Mwaka wa 1972 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakionyesha kwamba ukiongeza dawa mpya ya rifampicin, miezi sita inaweza kutosha. Watu wengi wanaomeza rifampicin leo na kushtuka mkojo umekuwa rangi ya machungwa hawajui kwamba tiba yao ya miezi sita ilithibitishwa kwa miili ya watu wa ukanda huu.

La pili lilikuwa la Wajir, na lilikuwa la mikeka. Kufikia wakati huo Annalena na wanawake wenzake waliojitolea walikuwa wakiendesha kituo cha kuwasaidia walemavu, watoto waliopooza kwa polio, vipofu, viziwi. Mwaka wa 1976 akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Mbele ya kituo kile kulikuwa na ardhi tupu ya mchanga. Badala ya kuongeza wadi, wagonjwa waliambiwa: njooni na nyumba zenu.

Hebu fikiria maana ya maneno hayo kwa Msomali wa nyika. Nyumba yake, aqal, imetengenezwa ili ije. Ni mali ya mwanamke; yeye ndiye aliyeifuma mikeka yake, yeye ndiye anayekunja fito zake, na yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Hospitali zote za dunia zilikuwa zimemtaka aiache nyumba hiyo mlangoni. Hii ilimwambia aisimike hapa, mlango autazamishe anakotaka. Mgonjwa akalala kwenye mkeka wake. Mke au mama akapika chai yake. Asubuhi akatoka, akameza dawa mbele ya macho ya mtu anayemjua kwa jina, akarudi kivulini. Kesho hivyo hivyo. Miezi sita.

Watu waliiita manyatta, neno la Kimaasai lililosambazwa na maofisa wa serikali mpaka likawa la kila mtu wa kaskazini. TB Manyatta. Mpango huo ukaigwa kwingine Kaskazini Mashariki, na jina lenyewe bado liko kwenye midomo ya watu.

Kuna wanaopenda kusema kwamba nyika iliwaponya, kwamba upepo na jua na utulivu vilifanya kazi ambayo kuta zilishindwa. Ni maneno matamu na yana chembe ya ukweli: jua huua bakteria hawa, na mahali penye upepo ugonjwa hauambukizi kirahisi kama kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo aliyelala jirani ya mgonjwa alikuwa salama zaidi kwenye aqal kuliko wadini. Lakini Madras ilishatufundisha. Anga halikumponya mtu Wajir. Kilichomponya ni dawa ya kila asubuhi, na kazi ya mikeka ilikuwa kumfanya aweze kuisubiri asubuhi inayofuata bila kuacha kuwa mtu wake. Ukitaka kuiita hiyo kuishi nje, sawa. Kwake ilikuwa kuishi nyumbani.

Na yule aliyesimama na dawa mkononi? Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kwa hiyo nina sikio la pekee kwa hadithi za watu waliofanya kazi kubwa kabla ya kupata karatasi. Annalena haniachii raha hiyo. Alianza bila kujua kitu, ndiyo, lakini hakuona fahari ndani yake. Baadaye alikwenda kusoma, akapata stashahada za magonjwa ya nchi za joto, afya ya jamii, na udhibiti wa kifua kikuu na ukoma. Mapenzi peke yake hayajui kipimo cha dawa kwa kilo za mtoto. Alilijua hilo, akakaa darasani kama mwanafunzi.

Maisha yake mengine yalikuwa na ukali ambao wengi wetu hatungeuweza. Alilala saa chache, alikula kidogo, hakumiliki kitu. Alikuwa na desturi ya kukaa kimya na kusali, na alipoweza alijitenga siku kadhaa kwa ajili ya ukimya huo. Ukiangalia kwa jicho la leo utasema huyu alikuwa na mazoezi yake ya nafsi, na ni kweli. Ila kuna tofauti moja inayonigusa. Ukimya ule haukuwa mwisho wa safari. Ulikuwa mahali pa kujaza madumu. Halafu alitoka, akayapeleka. Pia hakujaribu kumgeuza mtu dini. Miaka yote ile kati ya Waislamu, alibaki Mkristo, nao wakabaki Waislamu, na dawa zikamezwa.

Ingekuwa vizuri kama hadithi ingeishia hapo.

Tarehe 10 Februari 1984, katikati ya jilaal, wakati jua la Wajir halina huruma, wanajeshi wa Kenya walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwanyang'anya bunduki. Wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, yapata kilomita 15 kutoka mjini. Wakavuliwa nguo. Wakalazwa chini kwenye kiwanja kilichokuwa kinaunguza, bila chakula, bila maji, siku baada ya siku. Wengine walikufa kwa kiu na jua. Wengine walipigwa mpaka wakafa. Walipojaribu kukimbia walimiminiwa risasi. Serikali ilisema wamekufa watu 57. Mwaka wa 2000 waziri alikubali bungeni kwamba walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda waliokufa walikaribia 1,000, na watu wa Wajir wanataja hesabu kubwa kuliko hiyo.

Nimefika mara nyingi kwenye sehemu hii ya historia nikiwa naandika mambo mengine, na kila mara naona kitu kilekile. Kati ya TB Manyatta na Wagalla ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Anga ni lilelile. Ardhi ni ileile. Watu ni walewale, wafugaji wale wale ambao huenda mmoja wao alikuwa amemaliza miezi yake sita na kurudi kwa ngamia zake. Upande mmoja kulala nje kulikuwa uponyaji, upande mwingine kulikuwa mauaji. Ukiuliza tofauti ilikuwa nini, jibu la kwanza ni maji. Nani anayashika, na anampa nani.

Miili ilitupwa porini, na pamoja nayo watu waliokuwa bado wanapumua. Annalena na wasaidizi wake waliingia porini kuwatafuta. Waliwabeba majeruhi, wakawasafisha, wakawanywesha, wakawazika waliokufa. Hakuomba ruhusa, na kama angeomba asingepewa. Halafu akafanya jambo ambalo serikali ililiona baya kuliko kuzika. Habari alizotoa, pamoja na orodha ya majina ya waliouawa, zilimfikia Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Nairobi, na kupitia kwake zikafika kwa mabalozi na dunia ya nje. Mtu aliyezoea kuandika kila asubuhi nani amemeza dawa na nani hajaja anajua kuandika majina. Nadhani ni ujuzi uleule.

Mwaka wa 1985 ilimbidi aondoke Kenya. Miaka kumi na mitano Wajir, na hakupewa hata kwaheri ya heshima.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka. Baada ya muda wa ukimya Italia alirudi kwa Wasomali, safari hii ndani ya Somalia yenyewe, akapita Merca, Mogadishu na Beletweyne wakati nchi inavunjika, na mwaka wa 1996 akafika Borama, kaskazini magharibi. Kule akajenga hospitali ya kifua kikuu, akapigana na ukeketaji wa wasichana, akawafungulia mlango viziwi. Baadhi ya watu wa mji hawakutaka wagonjwa wa aina ile karibu nao, wakairushia hospitali mawe wakisema ndiyo inayoleta ugonjwa. Qaaxo ileile, hofu ileile. Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi kwenye eneo la hospitali yake akafa. Alikuwa na miaka 60.

Wanaomsifu husema yeye ndiye aliyebuni mpango ambao dunia nzima inautumia, ule wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya shahidi, ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Sifa hiyo inahitaji kugawanywa. Madras ina sehemu yake. Karel Styblo, daktari Mcheki, ana sehemu kubwa: yeye na Watanzania waliojenga programu ya taifa ya kifua kikuu na ukoma tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ndio walioonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa nchi nzima, kijiji kwa kijiji. Wajir ilichoongeza ni kitu kimoja ambacho ripoti huwa zinakisahau. Ilionyesha kwamba anayeitwa mtoro huenda hakukimbia tiba, alikuwa anarudi kwa watu wake, na kwamba ukiifuata nyumba yake mpaka mlangoni hatakimbia.

Na wale wanawake wenye mikeka wanastahili sehemu yao pia, ingawa hakuna tuzo iliyowahi kuwataja. Kila aqal iliyosimama mbele ya kile kituo ilifumwa, ikafungwa, ikabebwa na kusimikwa na mtu. Huyo mtu aliamua kukaa miezi sita karibu na ugonjwa ambao ukoo ulikuwa unaogopa kuutaja. Bila uamuzi wake kungekuwa na dawa na mchanga tu.

Kifua kikuu hakijaondoka. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali ya Kenya, na kwa wagonjwa wengi bado ni miezi sita, na bado mwezi wa pili ndio mwezi wa hatari kwa sababu ndio mwezi wa kujisikia umepona. Bado watu wanasema ni baridi kifuani. Mvua zikikosa misimu mfululizo, familia bado zinasogea, na mhudumu wa afya wa kijiji bado anapiga simu isiyoshika mtandao kuuliza fulani amelala wapi jana.

Nimeuliza watu nini kimebaki cha Annalena Wajir, na majibu huanza na Wagalla au na manyatta. Mimi ningeongeza mikono. Viziwi aliokuwa akiwahudumia Wajir walikua na elimu ya lugha ya ishara ikakua pamoja nao, ishara za Kenya. Alipotaka shule ya viziwi Borama mwaka wa 1997, aliyekwenda kuianzisha alikuwa amesomea Wajir, na ishara alizokwenda nazo ndizo zilizoingia kwenye lugha ya ishara ya Wasomali. Mtoto kiziwi wa Borama akiomba maji leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba anayaomba kwa mkono uliojifunzia Wajir.